Barua kwa mwanangu: kula na kushiba

Ujiji, Kigoma

Mwanangu,

Marahaba. Ujumbe wako niliupata juzi usiku nimeshajilaza. Niliusoma kitandani, nikausoma tena asubuhi nikiwasha jiko, na leo nimeona siwezi kuujibu kwa simu. Kwenye simu ungenikatiza. Unasema huko Dodoma wamekupima mara tatu na presha haishuki, 150 kwa 95, na wamekuambia upunguze chumvi, upunguze mafuta, uongeze mboga, kabla hawajafikiria vidonge. Unasema una wiki mbili sasa na kila ukila ni kama unatafuna karatasi. Halafu ukaniuliza swali lako: “Mama, unadhani kazi hii ingekuwa rahisi kwangu kama tusingelelewa kwenye nyumba ya watu wanaopenda kula vile?”

Nianze na hiyo karatasi, maana hiyo ninaijua. Mimi nilipoambiwa maneno hayo hayo mwaka 2004, wiki za mwanzo nilikula nimenuna. Maharage yalikuwa maji. Dagaa walikuwa vijiti. Ilikuwa wiki ya tano, labda ya sita, jioni, nakata nyanya za mchuzi, nikatia kipande mdomoni kama ninavyofanya siku zote. Nikasimama. Nyanya ilikuwa na chumvi. Nikadhani ni kisu, nikakiosha, nikakata nyanya nyingine. Chumvi ile ile. Nyanya ina chumvi yake, mwanangu, kidogo sana, imejificha pembeni ya ule uchachu, na miaka yote thelathini na minane sikuwahi kuisikia kwa sababu nilikuwa naizika. Ulimi unarudi. Haurudi kwa siku moja, lakini unarudi, na ukisharudi unakuonyesha vitu ulivyovipita maisha yako yote. Kwa hiyo wiki mbili usizitolee hukumu.

Sasa hilo la malezi.

Kula ni kitu kimoja, kushiba ni kingine. Mmeisikia kauli hii kwangu tangu mnanyonya, na nitairudia hadi mnizike. Mtu anaweza kushiba kila siku ya maisha yake na asijue kula. Mimi sikuwalea mshibe tu. Kushiba kulitegemea Mungu na bei ya dagaa. Niliwalea mjue mnachotia mdomoni.

Unaukumbuka ule mchezo? Tuliucheza siku za mbalamwezi, kwa sababu mwezi ukiwa mkubwa dagaa hawakusanyiki kwenye taa, vipe vya kuvulia dagaa haviingii ziwani, mwalo wa Kibirizi, ninakonunulia dagaa wa biashara, unalala, na mama yenu anakuwa nyumbani. Nilikuwa nawafunga macho kwa kanga, wewe na kaka zako, mmejipanga kwenye mkeka, halafu nawapa dagaa watatu mmoja mmoja. Mmoja wa chanja, aliyepata jua kali siku nzima. Mmoja wa mchangani. Mmoja aliyenyeshewa kabla hajakauka akarudishiwa jua kesho yake. Kaka zako walikuwa wanabahatisha. Wewe, una miaka saba, ulikuwa unamvunja kwanza karibu na sikio. Hakuna aliyekufundisha hilo. Ulikuwa unasikiliza ule mlio, maana wa jua zuri hukatika kwa mlio mkavu na wa mvua hupinda kwanza, kisha ndipo unamtia mdomoni, unanyamaza, unasema, “Huyu mvua.” Hukukosea hata mara moja. Niliwahi kukuchukua mwaloni kwa ajili hiyo, siku nanunua magunia sita kwa mtu nisiyemwamini, na ukiwa umeshika sketi yangu ulinionyesha gunia la nne. Nililirudisha. Yule mtu alikasirika hadi akatukana, lakini lile gunia ndani lilikuwa na ukungu.

Nilirudi nyumbani nikamsimulia bibi yako, na bibi yako akakupa jina la “mwenye ulimi.” Sijui kama unalikumbuka. Mimi nalikumbuka, ndiyo maana ujumbe wako ulinichoma. Uliandika kana kwamba ule ulimi ni mzigo tuliokutwisha.

Na bibi yako ndiye ninayetaka kukusimulia, ingawa hukuniuliza. Ulikuwepo, lakini ulikuwa darasa la tano na sidhani kama uliona nilichokiona mimi.

Ile 2004 nilipotoka hospitali nilikuwa na karatasi ya mashauri mkobani na hofu moyoni. Dada wa lishe alikuwa mtu mwema. Alinionyesha kwa kijiko cha chai: chumvi ya siku nzima isizidi hiki, gramu 5, ndivyo Shirika la Afya Duniani linavyosema, na humo ihesabiwe ile iliyomo kwenye mkate na kwenye samaki wa chumvi. Mawese akaniambia yana uzuri wake, ile rangi nyekundu ndiyo mwili unayotengenezea vitamini A, lakini karibu nusu ya mafuta yake ni ya aina inayoganda, na moyo haulipendi hilo. Nilibishana naye. Nilikulia mawese, mama yangu alikulia mawese. Halafu asubuhi moja ya Julai, siku zile za baridi, nikaona chupa dirishani imeganda kuanzia chini hadi nusu, nyekundu juu na ya udongo chini, na nikaogopa kuliko nilivyoogopa hospitali.

Mtu mwenye hofu hana adabu. Ijumaa ile tulikwenda kwa bibi yako baada ya swala kama kawaida. Alikuwa amepika kuhe, yule samaki wa ziwani. Unajua kuhe wa bibi yako: anamkaanga kidogo, kisha anamrudisha kwenye mawese yaliyoivishwa na vitunguu hadi mchuzi unakaa juu kama kioo, na ugali wa muhogo pembeni, mweupe, unavutika. Sinia ikawekwa mkekani chini ya mwembe. Walikuwepo shangazi zako wawili na yule jirani wa nyumba ya mabati. Na mimi nikafungua mkoba, nikatoa kontena la plastiki lenye kabichi ya kuchemsha na kipande cha kiazi, nikalifungua pale pale kwenye mkeka, mbele ya sinia ya mama yangu.

Hakuna aliyesema neno. Bibi yako alikuwa ameshanawa. Alitazama lile kontena, akanitazama usoni, akafuta mikono yake kwenye upindo wa kanga. Kisha akaenda ndani, akarudi na kawa, akafunika lile bakuli langu la kuhe, lile alilokuwa amenitengea mwenyewe lenye kichwa, kwa sababu anajua napenda kichwa. Akaliinua na kawa lake juu, akawapelekea watoto wa jirani. Akarudi akakaa, akala ugali na mboga. Mchuzi hakuugusa.

Mwanangu, miaka zaidi ya ishirini imepita na bado nikifunika chakula kwa kawa mkono wangu unasita.

Kuanzia siku ile nilipokwenda kwake nilipewa chai. Chai ya rangi, kikombe kizuri, sahani yake, kila kitu kwa heshima kama mgeni. Sikuwa nimewahi kuwa mgeni kwenye nyumba ile. Ramadhani ikaja, akafuturisha watu, mimi nikapewa tende na chai. Alikuwa ananiuliza hali yangu, ananiombea dua, anawapakulia ninyi hadi mnalemewa. Mimi, chai. Nilijiambia amekasirika, na kwa kuwa nilijiona nina haki, nilikaa kimya. Nilikuwa mgonjwa, nilikuwa na karatasi ya hospitali, nilikuwa na watoto watatu wa kulea. Nilikuwa na haki! Na bado naamini nilikuwa na haki ya kukataa chumvi. Haki ya kufungua lile kontena pale mkekani sikuwa nayo. Hayo ni mambo mawili, na ilinichukua muda mrefu kuyatenganisha.

Siku ya Idi ya mwaka uliofuata tulikwenda wote. Bibi yako aliniita jikoni peke yangu, akaniwekea bakuli dogo kwenye kigoda. Mgebuka wa moshi kwenye mchuzi mwekundu, na ngogwe, zile nyanya chungu, zimepasuliwa katikati. Akasema, “Onja.”

Nikaonja. Mchuzi ulikuwa na kina. Ulikuwa na ukali mbele, uchachu wa ndimu nyuma yake, na chini kabisa kitu kizito kilichokaa ulimini hadi nilipomeza. Na mimi, badala ya kushukuru, nikamwambia, “Mama, hiki umetia chumvi.”

Hakunijibu. Alinyanyuka, akapandisha mkono juu ya kabati, akashusha lile kopo la bati alilowekea chumvi ya Uvinza tangu sijaolewa, lile lililokuwa la maziwa ya unga. Akanipa mkononi. Kifuniko kilikuwa kimeshika kutu, nikahangaika nacho. Kilipofunguka, chumvi ilikuwa imegandana kopo zima, jiwe moja, juu imejaa vumbi. Nikaligeuza, hakikudondoka kitu. Alikuwa hajaligusa kwa miezi.

Nililia pale jikoni. Yeye alikuwa anageuza kuni.

Baadaye alinieleza, kwa sauti ile ya mtu anayemfundisha mtoto wa kike kupika. Nyanya na vitunguu usivikaange, vichome kwenye makaa hadi maganda yaungue, kisha umenye uponde. Samaki awe wa moshi, lakini abanikwe bila kutiwa chumvi, kwa sababu moshi unafanya kazi ya chumvi. Tangawizi na kitunguu saumu vitwangwe pamoja. Ngogwe ziingie mapema ili ule uchungu wake uutafute mchuzi. Ndimu mwisho kabisa, baada ya kuepua. Na mawese, kijiko kimoja tu kwa sufuria nzima, yasiingie mwanzo kukaangia bali yanyunyizwe juu mwishoni, maana ukitia kidogo mwanzo yanapotea na ukitia kidogo mwisho yanasikika kila mahali. Alisema hivyo: yanasikika. Mama yangu hakukaa darasani hata siku moja. Hiyo karatasi yangu ya mashauri hakuwahi kuisoma.

Niliyojua baada ya hapo nimeyajua kwenye msiba wake, mwaka 2011. Yule jirani wa nyumba ya mabati alinikalisha pembeni siku ya arobaini akaniambia kwamba mwaka ule wa chai, bibi yako alikuwa akipika kijungu kidogo karibu kila jioni, anakipeleka kwake, kwa kuwa yule jirani naye alikuwa na presha. Wanaonja pamoja. “Bado,” bibi yako anasema, na kesho yake anarudi na kingine. Kuna siku alitia maembe mabichi. Kuna siku alijaribu sombe, yaani kisamvu, na karanga bila chumvi, wakaimwaga. Mwaka mzima. Mimi nikadhani ameninyima chakula, kumbe alikuwa bado hajakipata.

Na sikumwomba radhi. Nililia, nikala, nikaomba niongezwe, nikadhani inatosha. Labda ilitosha. Yeye alipenda kuona mtu anaongeza. Lakini neno lenyewe sikulisema.

Unaona basi kwa nini swali lako linanipa taabu? Mwanamke aliyelelewa kwa kupenda chakula kuliko mtu yeyote niliyemjua ndiye aliyeweza kukibadilisha chakula. Asingependa kula, angenipa kabichi yangu ya kuchemsha na angeona amemaliza. Ulimi wake ulikataa. Ulimi ulioelimika haukubali kudanganywa, na kwa sababu haukubali kudanganywa unatafuta hadi upate. Ndiyo maana nasema kula ni kitu kimoja, kushiba ni kingine.

Lakini najua utakachosema. Utasema: na baba?

Nimeliwaza hilo siku mbili hizi. Baba yenu alipoambiwa ana sukari mwaka 2008, nilijua mapema kwamba hataweza, na nilikuwa na maelezo yangu tayari. Nilisema alikulia bara huko Kasulu, watoto tisa kwenye sinia moja, ambapo anayechelewa kumeza analala na njaa. Nilisema huyu alifundishwa kushiba, hakufundishwa kula. Niliwaambia hata ninyi. Na maelezo hayo yalinipa usingizi kwa miaka.

Simtendei haki. Nani alikuwa anaamka saa kumi na moja alfajiri kwenda Kibirizi kuchagua samaki kwa kufunua shavu, hata mimi mfanyabiashara namwachia? Nani alikataa kula maharage ya hotelini kwa miaka kwa sababu aliyajua yaliyotiwa magadi kabla hayajafika mezani? Baba yenu alikuwa na ulimi. Na kaka yake mkubwa, aliyekula sinia ile ile ya Kasulu, alipopata sukari aliacha soda, akapunguza ugali ukawa tonge kama ngumi, na yuko hai hadi leo, analima. Sinia moja, watu wawili. Hapo kauli yangu inanishinda, na sipendi inaponishinda.

Nikikuambia ninachokiona nikifumba macho, ni sahani. Sahani ya bluu ya baba yenu. Nilimtengea chakula chake. Sufuria yake ndogo, sahani yake, kijiko chake, pembeni ya meza. Kabichi, kiazi kimoja, samaki wa kuchemsha. Na sisi wengine tukaendelea kama kawaida, tena upande wa pili wa meza ile ile, tunakata ugali, tunachovya, kaka yako analamba vidole. Baba yenu anatafuna polepole huku anatusikiliza. Mimi niliyefunikiwa bakuli na kawa, niliyepikiwa mwaka mzima na mama yangu, sikumpikia mume wangu hata mwezi mmoja kwa namna ile. Nilimpa karatasi ya hospitali kwenye sahani. Usiku alikuwa anashuka mjini kula chipsi, na tulimgombeza, mimi na ninyi, mkumbuke hilo, tulimgombeza kama mtoto. Mwaka 2013 vidole viwili vya mguu vikakatwa. Mwaka 2015 unaujua.

Sisemi ningempikia asingekufa. Siku yake Mungu aliiandika, na sukari ina mambo mengi. Nasema tu kwamba sijui kama baba yenu alishindwa kwa sababu ya malezi yake au kwa sababu ya ile sahani ya bluu, na kwa kuwa sijui, siwezi kukupa hukumu uliyoniomba. Ningependa kukupa. Hukumu iko ulimini hapa, naimeza.

Nikueleze la karibuni, maana nalo limo. Mwaka 2024 Serikali ilipofunga uvuvi kwenye Ziwa Tanganyika miezi mitatu, kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, ili samaki wazaliane, mji huu ulinung'unika. Mtu wa Kigoma kukaa bila dagaa wabichi! Mimi nilikuwa na gunia moja na nusu la akiba nikaliuza karibu lote, bei ilikuwa nzuri. Nyumbani tukabaki na maharage, sombe na karanga, mlenda, mayai. Watoto wa kaka yako walilalamika wiki moja. Kisha yule wa kati, ambaye hana subira na kitu chochote, akaanza kunipangia: leo karanga zikaangwe kidogo zaidi, bibi, jana zilikuwa mbichi. Ana miaka minane! Nilimtazama nikamwona bibi yako mtupu. Ziwa lilipofunguliwa tulifurahi, bila shaka, tulikula dagaa siku nne mfululizo, lakini sombe ya karanga haikutoka tena kwenye zamu ya nyumba hii.

Basi nirudi kwako. Umeniuliza kama kazi ingekuwa rahisi. Labda ingekuwa rahisi, ndiyo. Mtu asiyejali anachokula anaweza kuambiwa ale kabichi miaka thelathini naye akala. Ninao ndugu wa namna hiyo, unawajua, na presha zao ziko sawa, na nikienda kwao narudi na njaa. Kwa hiyo pengine jibu la swali lako ni ndiyo. Lakini siwezi kuliandika hilo na kulitia sahihi, kwa sababu kila nikiliandika naliona lile kopo la chumvi.

Nitakachokuomba ni kingine, na hiki nakuomba kama mama, si kama shauri. Usijitengee sufuria. Uliandika kwamba unampikia mumeo na mtoto chakula chao, kisha unajichemshia chako. Acha hilo leo. Mumeo ni mtu mwelewa, na mjukuu wangu hana presha lakini hana haja ya chumvi hiyo pia. Kiwe chungu kimoja, na kisipokuwa kitamu kisiwe kitamu kwenu wote watatu, muwe na sababu wote ya kukitafuta. Uonje kama ulivyokuwa unaonja mwaloni. Usipime chakula kwa kile kilichoondolewa. Kama mchuzi umepungua, jiulize umepungua wapi, mbele au nyuma, kisha ndio utie mkono kwenye ndimu au kwenye tangawizi. Ngogwe za Dodoma sijui zikoje, lakini nimeambiwa sokoni zipo. Nyanya zichome. Vidonge navyo, siku wakikuambia umeze, umeze. Mimi nameza vyangu kila asubuhi na mchuzi wangu ni mtamu.

Kifurushi nimekifunga jana, kitatoka na basi la keshokutwa, kondakta ana namba yako, uwe macho na simu alfajiri. Kuna migebuka minne ya moshi, nimemsimamia mbanikaji mwenyewe, haina hata chembe ya chumvi, kwa hiyo ukishaipokea usiichelewe kuitia kwenye friji. Kuna mawese kwenye chupa ndogo ya maji, nimejaza nusu tu na usinipigie kuuliza nusu nyingine iko wapi. Ni ya miezi miwili.

Na dagaa nimewafunga kwenye karatasi mbili. Wote ni wa Kibirizi, wiki moja, mvuvi mmoja. Karatasi yenye uzi mwekundu ni wa chanja, jua safi. Isiyo na uzi ni wale walionyeshewa Jumatatu, nimewaomba kwa jirani kwa kazi hii tu, usiwapike. Mfunge mtoto macho kwa kanga yako ile ya Ujiji, mpe mmoja mmoja, usimwambie kitu, na usimtazame usoni maana watoto husoma nyuso. Akishajibu nipigie, hata kama ni usiku.

Mama yako